Mwizi Hakuacha Risiti

Abiria anayesoma kitabu cha kuchekesha ndani ya daladala angetozwa nauli ya viti viwili, maana jirani yake lazima atahama. Mimi nimeshahamwa sana, na wa kulaumiwa ni Terry Pratchett, Mwingereza aliyeandika riwaya 41 za Discworld, ya kwanza ikatoka 1983. Dunia yake ni bapa kama chapati, imebebwa na tembo wanne waliosimama juu ya kobe anayeogelea angani. Humo mtoa roho ni mhusika kamili, mpole, mpenda paka, na kila anachosema huandikwa kwa herufi kubwa.

Hizo herufi ndizo zilizomvuta mama mmoja tuliyeketi naye kutoka Mbagala.

"Mwanangu, huyu anayefoka hivi ni nani?"

"Hafoki, mama. Ni Israili. Kamfuata mtu."

"Kumtoa roho?"

"Ndiyo."

"Na wewe unacheka?"

Akavuta kikapu chake. "Konda, shusha!" Hata kituo cha kwa Azizi Ali hatujafika.

Kitabu cha Pratchett ninachokipenda kuliko vyote ni Guards! Guards! cha 1989, ambamo polisi wachovu wa mji wa Ankh-Morpork wanachunguza uhalifu wa joka. Katika mji huo wezi wana chama halali, wana leseni, na ukishaibiwa unapewa risiti yako usisumbuliwe tena. Anakuja kijana mgeni, Carrot, anajiunga na polisi na kwenda kumkamata mkuu wa chama cha wezi kwa kosa la wizi. Mji mzima unamshangaa yeye, si mwizi.

Nilikuwa nimefika hapo siku niliyoporwa simu Kariakoo. Kituoni askari akaniuliza kama nina uthibitisho wowote. Nikajibu, bila kufikiri, kwamba mwizi hakuacha risiti. Alininusa kwanza, ndipo akaandika. RB nilipewa, simu sijaiona mpaka leo.

Msidhani uchawi na upelelezi vimekutana Uingereza tu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishafika huko na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo akili ya mtu hukimbilia mashetani kabla haijakimbilia polisi. Mpelelezi wa Abdulla, Bwana Msa, yeye anawasha kiko chake na kuanza kuuliza nani alikuwa wapi. Kwa Pratchett uchawi upo kweli na bado mpelelezi anataka ushahidi; kwa Abdulla uchawi unasemwa tu, na ushahidi unauvua nguo. Vitabu hivi visomwe kwa zamu.

Ila visisomwe na mwenye nyumba. Kwetu sukari ilianza kupungua usiku. Mke wangu akasema ni uchawi wa chuma ulete, atafutwe mtu wa kuliangalia jambo hilo. Mimi nikajiona Bwana Msa asiye na kiko. Wote walipolala nikanyunyiza unga wa sembe mlangoni mwa jikoni, nikalala kwa raha zangu. Alfajiri nikakuta nyayo safi kabisa, vidole vyote vitano, zimekwenda hadi kwenye kopo la sukari na kurudi. Nikazifuata. Ziliishia mlango wa chumba cha wageni, alikolala mama mkwe, ambaye daktari amemkataza sukari.

Sijui Bwana Msa angefanya nini. Mimi nilichukua ufagio, nikafuta ushahidi wote, na kwenye chai nikatangaza kwamba nimechunguza na hakika ni chuma ulete. Mama mkwe akasema hata yeye alikuwa anashuku hivyo hivyo.

Sasa nina ombi. Nakala yangu ya Kisima cha Giningi, kisa kingine cha Bwana Msa, niliyoinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, haina kurasa za mwisho. Nahisi ziliishia kufungia karanga. Mwenye kitabu kizima aniazime kwa wiki moja. Nitakirudisha, hata risiti nitaandika. Ila wakati wa kunikabidhi, tafadhali, usiniambie ni nani.