Mshauri Awajibu Wenye Dhiki

Barua tatu za mwezi huu zahusu kitu kimoja, nacho ni kitako cha bunduki ya upepo, jambo linalonifanya nishuku kwamba katika kila dari ya nyumba kongwe, toka Ngaramtoni hadi Usa River, imelala moja ikingoja mrithi.

“Shikamoo Mzee. Nimerithi bunduki ya babu aina ya Diana, aliyofukuzia ndege shambani. Baba mkubwa alipaka kitako chake rangi ya buluu iliyosalia kwenye geti. Nimeikwangua kwa kipande cha chupa nikakuta mbao nyeupe kama muhogo, ilhali babu alituambia ni mti wa thamani. Je, baba mkubwa amekibadilisha? Mrithi, Tengeru.”

Marahaba, mwanangu. Kabla hujamshitaki baba yako mkubwa mbele ya wazee wa ukoo, fahamu kwamba viwanda vya Ulaya, na hicho cha Rastatt kilichotengeneza Diana kikiwamo, aghalabu vilichonga vitako vya bunduki za bei nafuu kwa mbao ya rangi hafifu, kisha vikaitia hudhurungi ili macho ya mnunuzi yadhani ni mjozi. Basi hila unayoitafuta Tengeru ilifanyika Ujerumani, na mzee huyo hana taksiri ila ile ya buluu. Hakikisha bunduki haina kidonge wala haijategwa, ukitenge kitako kwa kufungua skrubu zake za nje tu, na kamani iliyo ndani usiiguse, kwani imekandamizwa kwa nguvu za kumjeruhi fundi asiye na zana yake. Tupa kipande cha chupa, ushike msasa laini, ufuate nyuzi za mbao, na zile kingo zinazokutana na chuma uziheshimu, maana zikiliwa chuma kitacheza na shabaha itapotea. Kisha kipanguse kwa kitambaa chenye maji, kikauke, uvisugue vinyweleo vilivyosimama. Hapo ndipo utie rangi, na baada yake mafuta ya kitani, matone machache kwa kiganja, ukingoja kila mpako ukauke sawasawa. Lakini usilianze jambo hili mwezi wa Julai, ukungu wa Meru unaposhuka hadi vizingitini, ila ukipenda bunduki inatayo mikononi mpaka Septemba.

“Mzee, mume wangu anaipiga pasi bunduki! Kwa pasi yangu ya mkaa! Na kanga zangu kuukuu amezifanya matambara ya mafuta, kayarundika nyuma ya mlango. Ana wazimu? Mvumilivu, Sakina.”

Kwa pasi, bibi, hana wazimu hata chembe: mbao iliyobonyea bila kukatika hufunikwa kitambaa kibichi, pasi ya moto ikapitishwa juu yake, na mvuke ukaingia katika nyuzi zilizolala ukaziinua; tadbiri hiyo ni ya maseremala wenye maarifa, nami namsifu. Kwa matambara, hata hivyo, simtetei. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta hewa, na katika kuivuta huzaa joto, na joto hilo likikosa pa kutokea ndani ya rundo huweza kuwasha moto pasipo kiberiti. Yaanikwe uani moja moja, au yatoswe katika ndoo ya maji, leo kabla ya magharibi. Suala la fidia ya kanga lifuate baadaye, na hapo usimwonee huruma.

“Bunduki yangu ilishikwa na John Wayne kwenye filamu ya Hatari! Watalii watanipa ngapi? Kijana, Usa River.”

Kijana, filamu hiyo ya mwaka 1962 ilipigwa kweli pande za Momella, lakini lau bunduki zote za wilaya yenu zilizodaiwa kushikwa na bwana yule zingekuwamo, faru wangekosa nafasi. Kabla ya kutafuta mtalii, nenda kituo cha polisi ukaulize hukumu yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa kuwa afisa hatazami uzuri wa vanishi. Ama jina “Jon Weni” ulilokiri baruani kulichonga kitakoni wiki iliyopita, ambalo sasa wataka lifutwe kwa pasi, mvuke huinua palipobonyea, hauungi palipokatwa. Liache, mnunuzi akiuliza, mwambie ni mjomba wako.