Barua ya Wazi: Ombi la Kuanzishiwa Daraja la Bati

Kwa Mkurugenzi wa Mahusiano na Wahitimu,
Chuo kikuu nilichosoma (jina nimelihifadhi, wenyewe mnajijua).

YAH: MWALIKO WA KUWA MFADHILI WA CHUO

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ujumbe wenu umenifikia salama, nami nimefarijika kuitwa "Mhitimu Mpendwa". Nilipokuwa nafuatilia transkripti, dirishani kwenu nilijulikana kama "wewe wa shati la bluu, rudi kesho". Nashukuru kwamba mapenzi yamekua.

Madaraja ya ufadhili nimeyasoma. Wa Almasi anapewa ukumbi wenye jina lake, wa Dhahabu chumba cha mihadhara, wa Fedha benchi la bustanini, na wa Shaba, mnyonge wa orodha, anaambulia cheti cha shukrani na kalamu. Kiwango cha huyo wa Shaba kinazidi mshahara wangu wa mwezi. Kwa hiyo naomba ofisi yako ifikirie kuanzisha daraja la Bati, na jina langu liandikwe popote, hata kwenye mlango wa choo cha bweni lile ambalo maji yalikuwa yakitoka siku ya ukaguzi tu.

Kijitabu chenu kinasema vyuo vya Marekani vimejengwa na wahitimu wake, na kinamtaja John Paulson, aliyeipa Harvard dola milioni 400 mwaka 2015, shule ya uhandisi ikapewa jina lake. Kweli tupu. Kilichosahaulika ni kwamba wakati huo mfuko wa uwekezaji wa Harvard ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 35. Pia mmemsahau Michael Bloomberg, ambaye mwaka 2018 aliipa Johns Hopkins dola bilioni 1.8 ili wanafunzi wasiomudu ada wasome. Kurasa za kijitabu ni chache, naelewa, na picha za lango jipya mnalotaka kujenga zimechukua nafasi.

Upande wangu, kabla mshahara haujanifikia, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15. Silalamiki, nilikopa, nalipa. Kuna miaka ilikuwapo na tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, mpaka ilipofutwa mwaka 2021, na lazima niseme mkopo wangu ulilindwa thamani kuliko cheti mlichonipa. Kinachobaki ni kodi ya nyumba, ada za watoto, na michango.

Kwenye michango ndipo penye somo kwenu. Mwekahazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu hakusoma uhasibu. Anauza vipodozi Kariakoo. Lakini kila jioni anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, kilicholipwa, baki. Harusi ikiisha, kamati inavunjwa kwa pilau na hesabu: mapambo kiasi gani, ukumbi kiasi gani, kreti za soda zilizorudi ngapi, na ikibaki elfu kumi tunabishana iende wapi. Ninyi tulikuwa tukiwalipa kila mwaka fedha ya hiki na kile: ya michezo, ya kitambulisho, ya umoja wa wanafunzi. Kamati yenu inavunjwa lini? Niko tayari kuja na sahani yangu.

Mnaniambia nina deni. Ninalo, na Mwalimu Nyerere alikwishalieleza miaka ya 1960: msomi ni mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na asipourudisha huo msaada ni msaliti. Hakuwa akitania. Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Nimeupekua mfano wake nikitafuta mahali chuo kilipo. Wanaodai ni wanakijiji. Chuo, kwa heshima zote, ni sufuria, na sijawahi kuona sufuria ikituma namba ya malipo.

Ndiyo maana sadaka yangu ya mwaka huu inakwenda kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho jirani na kwetu. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, na viko zaidi ya 50 nchini, vikifundisha ushonaji, useremala, uchomeleaji, kilimo. Huko utamkuta binti aliyekatishwa shule na mimba anakata kola ya shati, mwanawe amelala kwenye khanga chini ya meza. Mkuu wa chuo nilipomuuliza wanahitaji nini, hakutaja ukumbi. Alitaja sindano za cherehani namba 16 na mafuta ya mashine, kwa sababu vyerehani vipo ila nusu vimesimama. Nikamuuliza jina langu litaandikwa wapi. Akadhani nataka kujiunga na masomo, akanifungulia daftari.

Sijasema wanafunzi wenu hawana shida. Wapo wanaoshindia uji wakisubiri bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, na tuliopita huko tunawajua. Siku mtakapofungua mfuko wa kuwalipia hao chakula na ada, hesabu zake zikabandikwa ukutani bwaloni, nitafikiria upya. Lango linaweza kusubiri. Hata hilo la zamani mlinzi analifungua nusu.

Mwisho, kuna ile amana ya tahadhari tuliyolipa mwaka wa kwanza, ya kurudishwa tukimaliza kama hatukuharibu kitu. Sikuharibu kitu. Naomba msiirudishe. Ihesabiwe kuwa mchango wangu wa hiari, nami nitumiwe risiti tu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu

Nakala: Mwekahazina, kamati ya harusi ya mpwa wangu (asije akadhani kuna hela imebaki).