Baraza la Mikro Buyenzi

(Duka la vifaa vya simu, Buyenzi, Bujumbura. Usiku. Regideso imekata umeme tangu magharibi, na muuzaji amefunga mapema. Juu ya rafu wamepangwa mikro wa kila bei. Chini ya rafu anaishi Panya, ambaye halipi kodi.)

KONDENSA: Nani anipanguse vumbi? Mimi mwenye wavu wa dhahabu, niliyepanda meli kutoka China, nikashukia Dar es Salaam, nikavuka mpaka wa Kobero nikiwa ndani ya sanduku langu peke yangu!

WAYA: Pole, mkubwa. Hata mimi nilivuka Kobero. Tulikuwa mamia kwenye katoni moja, hatukupata nafasi ya kulalamika.

KONDENSA: Wewe ni spika za masikioni zenye kimikro kwenye uzi. Unauzwa kwa fungu, kama ndagala. Usijifananishe.

MZEE DAINAMIKI: Hebu tulieni. Ustadhi aliyepita alasiri amesema atarudi kesho asubuhi na hela. Kuna aliyemsikiliza shida yake, au kila mmoja alikuwa anajisikiliza mwenyewe?

KIBANO (mikro wa kubanwa kifuani): Mimi nilimsikiliza, Mzee. Anafundisha Kurani kwa WhatsApp. Wanafunzi wake ni wajukuu wa mtaa huu waliozaliwa Brussels na Ottawa. Wazazi wamelalamika: mtoto anasoma thaa kama sini, na sini kama swadi. Akisahihishwa anajibu kwamba ndivyo alivyomsikia Ustadhi.

KONDENSA: Basi kesi imekwisha. Ataninunua mimi. Mimi namsikia hata sisimizi akipiga chafya.

MZEE DAINAMIKI: Hiyo ndiyo hofu yangu, mwanangu. Ustadhi amepanga nyuma ya gereji, na Buyenzi hii ni mji wa mafundi. Saa moja asubuhi nyundo ya fundi bodi imeshaanza. Akinyamaza fundi, anapokea mwenye mashine ya kulehemu. Umeme ukikatika, jenereta inaunguruma. Wewe utamsikia sisimizi, utamsikia fundi, utaisikia jenereta. Ustadhi atakuwa wa nne kwenye foleni.

KONDENSA: Mimi nasikiliza mbele tu! Imeandikwa kwenye boksi.

MZEE DAINAMIKI: Hata mimi nasikiliza mbele. Tofauti ni kwamba mimi mzito wa kusikia: mtu asiponisogelea vidole viwili vitatu, simwitikii. Nina utando, koili na sumaku, basi. Sauti ya mbali hainitikisi. Wewe unaichukua mpaka ile iliyokwenda kugonga ukuta na kurudi. Chumba cha Ustadhi ni saruji tupu na mabati.

WAYA: Na chakula chako je, mkubwa?

KONDENSA: Kidogo sana. Volti 48.

WAYA: Tundu la simu linatoa kama mbili hivi.

KONDENSA: Kipo kisanduku cha kunilisha. Kinauzwa mbali.

WAYA: Kinachomekwa wapi?

KONDENSA: Ukutani.

PANYA (kutoka chini): Ukuta upi? Wa Regideso, au wa jirani mwenye jenereta na mafuta ya kutia?

(Rafu nzima inacheka. Kondensa anageukia ukutani.)

BLUTUTHI: Ndugu zangu, mnagombea waya karne hii? Mimi sina waya, sina kisanduku. Ustadhi atanitia masikioni na kutembea nami mpaka msikitini.

KIBANO: Ukiwa na chaji.

BLUTUTHI: Nikiwa na chaji. Na muziki wangu umeusikia ulivyo safi.

MZEE DAINAMIKI: Muziki, ndiyo, maana hapo unapokea tu. Lakini simu ikikutaka upokee na kutuma kwa pamoja, unahamia njia nyembamba ya mazungumzo. Ninyi wa bei hii, mara nyingi kila kilicho juu ya hezi 4,000 mnakiacha mlangoni.

BLUTUTHI: Kilicho juu ya hapo ni mbu na ndege. Nani anakihitaji?

MZEE DAINAMIKI: Ustadhi. Sini ni upepo mwembamba unaopita kati ya meno, na sehemu kubwa ya upepo huo iko juu ya hapo. Thaa nayo ni pumzi dhaifu. Ukikata juu, zote mbili zinabaki mfoko mmoja. Simu za mezani za zamani zilikata kwenye hezi 3,400, ndiyo maana mtu akitaja jina lake ilibidi alitaje herufi kwa herufi. WhatsApp inabeba zaidi ya hapo. Inatumia ufungaji wa sauti uitwao Opus, uliosanifiwa mwaka 2012, na mtandao ukiwa mzuri sini inafika Ottawa na upepo wake. Sasa gari lina nafasi, wewe ndiwe unayeuacha mzigo stendi.

BLUTUTHI: Mimi naendana na suti.

KONDENSA (anageuka tena): Semeni yote, lakini watu wa redio wanatumia ukoo wangu. Ustadhi akionekana kwenye video nami mbele yake, wazazi wataongeza ada bila kuombwa.

MZEE DAINAMIKI: Redio umeitaja wewe. Mimi sikuwahi kukaa redioni, maisha yangu yalikuwa harusi za Bwiza na mikutano ya hadhara. Ila mji ulikuwa na redio zake, na kulikuwa na mikro wa kifahari ndani yake. Mei 2015, katika siku zile za jaribio la mapinduzi, RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa. Rema FM nayo ikashambuliwa. Mikro wa bei kali walinyamaza ndani ya siku mbili. Unajua habari ziliendelea kwa kitu gani?

KONDENSA: Kwa mikro wengine wa bei kali.

MZEE DAINAMIKI: Kwa simu. Mwezi huohuo waandishi waliobaki bila studio walianzisha SOS Médias Burundi. Sauti zilipandishwa mtandaoni, watu wakapelekeana kwa WhatsApp kutoka Ngagara mpaka kambi za wakimbizi. Redio Inzamba nayo ikafuata njia hiyo. Kazi ya studio nzima ikaangukia kikidonge kilichojificha chini ya simu, ambacho hata jina hakina. Hakuna msikilizaji aliyeuliza kama wavu wake ni wa dhahabu.

(Kimya. Mbwa anabweka upande wa soko.)

PANYA: Naomba kusema, wakubwa. Mimi nimeonja nyaya zenu zote.

KIBANO: Tunajua. Ndugu yangu alikufa kwa meno yako.

PANYA: Nilikuwa na njaa, na yeye alikuwa laini. Lakini si nyaya tu. Yule pacha wa Kondensa aliyeanguka chini mwezi uliopita, mfuniko wake ulifunguka, nikaingia nikidhani nimepata nyumba. Kweli ilikuwa nyumba: sebule tupu, kipande cha chuma cha kumpa uzito, na pale juu, kwenye wavu wa dhahabu, kimekaa kidonge kimoja cha elektreti, hakizidi ukucha wa mtu. Nikasema hiki nimekiona mahali. Nikaenda kwenye uzi wa Waya, nikang'ata. Ndugu wa tumbo moja!

KONDENSA: Uongo! Panya si fundi!

PANYA: Fundi anatazama, mimi nimekaa ndani.

WAYA (kwa upole): Usiumie, kaka. Ukoo wetu si wa aibu. Mikro wa elektreti wa utando kama sisi alibuniwa mwaka 1962 kule Marekani, na James West na Gerhard Sessler wa Bell Labs. Ni kondensa aliyebeba chaji yake mwenyewe ndani ya utando, ndiyo maana anatosheka na volti mbili. Wako kondensa wakubwa wa kweli, wenye utando mpana, wanaostahili bei yao na volti zao. Wewe walikutengenezea mwili wao, wakasahau kukupa moyo.

KONDENSA: Na hizo volti 48 nilizodai?

WAYA: Nadhani ni majivuno ya boksi.

(Asubuhi. Muuzaji amefungua. Nyundo zimeanza. Ustadhi anaingia na kijana, mwanafunzi wake mkubwa.)

MUUZAJI: Karibu, Ustadhi! Nimekuwekea huyu wa dhahabu. Orijino.

USTADHI: Ahsante, mwanangu. Nataka kujaribu kwanza.

MUUZAJI: Hapa hatujaribu, Ustadhi. Boksi likifunguka ni lako.

USTADHI: Basi na pochi yangu ikifunguka ni yako. Haijafunguka bado.

(Muuzaji anakuna kichwa, anafungua boksi. Ustadhi anamtuma kijana mwisho wa avenyu na simu nyingine. Anarekodi ujumbe wa sauti kwa kila mikro, maneno yaleyale: thaa, sini, swadi. Anarekodi nyundo zikiwa zinapigwa, maana ndivyo zitakavyopigwa saa ya darasa.)

KIBANO (kwa kunong'ona): Ameniokota! Nitakaa kifuani pake, karibu na mdomo. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inabaki robo. Mimi ndiye jibu.

USTADHI: Huyu pini yake ina mistari miwili myeusi. Ya simu yangu inataka mitatu.

MUUZAJI: Kuna kiunganishi, Ustadhi. Kinauzwa mbali.

USTADHI: Duka lako, mwanangu, kila kitu ndani yake kinauzwa mbali. Na huyu mzee wa chuma?

MZEE DAINAMIKI (moyoni): Usinichukue, Ustadhi. Mimi nakupenda, lakini sauti yangu ni ndogo kwa simu. Bila kikuzaji nitakuwa kama niko Kigoma.

(Kijana anarudi anahema.)

KIJANA: Ustadhi, yule wa dhahabu nimesikia gereji yote na wewe nyuma yake. Wa blututhi nimesikia sini tatu. Huyu wa uzi nimesikia thaa yako na sini yako, ila katikati kuna kitu kinakwaruza.

USTADHI: Kinakwaruza vipi?

KIJANA: Samahani, Ustadhi. Ni ndevu.

(Ustadhi anachukua kibanio cha nguo kilichoshikilia bango la bei, anaubana uzi wa Waya kwenye kola ya kanzu, kando ya ndevu. Wanarekodi tena. Kijana anatabasamu.)

USTADHI: Nipe huyu. Na hiki kibanio.

MUUZAJI: Kibanio hakiuzwi, Ustadhi.

USTADHI: Nilidhani kingeuzwa mbali.

KIBANO: Nimeshindwa na kibanio cha nguo! Mimi niliyesomea kazi hii!

MZEE DAINAMIKI: Waya, mwanangu, nenda salama. Mwambie atandike mkeka na kutundika mablanketi chumbani, saruji isirudishe sauti. Wanafunzi nao wavae spika za masikioni. Bila hivyo sauti yake itatoka kwenye simu yao, iingie tena kwenye mikro yao, imrudie. Na mvua ikinyesha juu ya mabati, darasa liahirishwe. Hakuna mikro wa kushindana na mabati.

(Ustadhi anatoka. Hajatoa hata sehemu ya kumi ya bei ya Kondensa. Anaingia Mwenyekiti wa kamati ya harusi, suti ya kijivu, simu mbili mkononi.)

MWENYEKITI: Nina kikao cha ukoo usiku. Watu thelathini na wawili kwenye simu moja, WhatsApp yenyewe haikubali zaidi. Wa Ubelgiji wanalalamika hawanisikii, na michango haiji. Nataka mikro wa heshima.

MUUZAJI: Huyu, Mwenyekiti. Orijino.

MWENYEKITI: Anaonekana kwenye kamera?

MUUZAJI: Anaonekana kabla yako.

MWENYEKITI: Mfungie.

KONDENSA: Nimenunuliwa! Bila kujaribiwa! Huyu ni mtu wa kuaminiana!

(Siku ya pili, alasiri. Mwenyekiti anarudi, uso umechanua.)

MWENYEKITI: Bwana we, wamenisikia mpaka Ottawa! Shangazi wa huko amesema naongea kama mtangazaji. Michango imeanza kuingia. Na kisanduku cha umeme wala sijakinunua. Nilimchomeka kwenye simu, nikaiweka simu hapo hapo mbele yake, nikainama, nikaongea taratibu kama redioni. Niletee wawili wengine, mmoja wa katibu, mmoja wa mhazini.

MZEE DAINAMIKI: Panya, wewe uliuona uzi wake. Ile pini ilikuwa na mistari mingapi?

PANYA: Miwili.

MZEE DAINAMIKI: Basi simu haikumwona kabisa. Ilitumia kikidonge chake yenyewe. Miezi yote hii Mwenyekiti alikuwa akiiweka simu mezani, anapiga kelele akiwa kwenye kochi. Jana ndiyo mara ya kwanza mdomo wake kuisogelea.

PANYA: Kwa hiyo amelipa bei yote ile ili ainame?

KIBANO: Angeambiwa ainame bure, angekubali?

MUUZAJI: Wapo, Mwenyekiti, wawili wa mwisho. Ila bei imepanda tangu jana.