Hatua Kumi Kutoka Shimoni

Katika gofu, mchezo wa karibu ni jina la jumla la mikwaju yote inayopigwa mpira unapokuwa umebakiza hatua chache kulifikia shimo, na ndipo mtu mzima aliyeupeleka mpira mita 300 kwa mikwaju miwili, bila aibu yoyote, huhitaji mikwaju minne mingine ili kuzimaliza mita kumi zilizosalia. Shimo lenyewe lina upana wa milimita 108, na kwa kuwa upana wa mpira ni takriban milimita 43, mipira miwili ingeweza kuingia humo bega kwa bega. Nafasi, basi, si haba.

Kiini cha balaa ni huruma isiyoombwa. Uso wa weji, yaani fimbo fupi ya mikwaju ya karibu, umelazwa ili fimbo yenyewe ifanye kazi ya kuupandisha mpira, lakini mchezaji wa Jumamosi haiamini, hivyo huegemea nyuma, hukunja vifundo vya mikono na kujaribu kuuchota mpira kama achotaye mchuzi kwa upawa. Fimbo ikigota ardhini mapema, donge la udongo hutangulia na mpira husogea shubiri moja. Makali yake yakiugonga mpira kiunoni, mpira huambaa chini kwa chini na kuivuka griini, yaani eneo la nyasi fupi mno linalozunguka shimo, kama matatu iliyojaa inavyopita kituo. Dawa inajulikana: uzito uelemee mguu wa mbele, mikono iutangulie mpira, fimbo ishuke, kwani mpira hupanda kwa kupigwa kuelekea chini, kanuni ambayo kila mtu huikubali kwa kichwa na kuikataa kwa mikono.

Nyasi nazo zina fitina. Kikuyu, nyasi zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, huikaba fimbo shingoni kama mdai aliyechoka kusubiri. Hata mabingwa hawasalimiki majanini: mwaka 1985, katika mashindano ya U.S. Open huko Oakland Hills, Chen Tze-chung wa Taiwan, aliyekuwa akiongoza kwa mikwaju minne siku ya mwisho, aliugusa mpira mara mbili kwa mkwaju mmoja, akaadhibiwa, akalimaliza kwa minane shimo la mikwaju minne, na hatimaye akapitwa na Andy North kwa mkwaju mmoja tu. Kanuni ya kuadhibu mguso huo wa pili ililegezwa mwaka 2019, miaka 34 baadaye.

Mazoezi ya nyumbani hayakosi matumaini, kwani beseni la kufulia likiwekwa uani hupokea mpira baada ya mpira, na kuku hujifunza upesi mahali salama pa kusimama. Jumamosi ikifika, wenzake wakiwa kimya nyuma yake, mchezaji yuleyule huchota, mpira huivuka griini na kuzama kwenye mchanga wa upande wa pili, na kedi, yaani mbebaji wa fimbo zake, ambaye muda wote alikuwa akiyatazama mawingu, humkabidhi fimbo ya mchanga kabla hajaulizwa.