Jinsi ya Kumkamata Mamluki Kabla Hajafunga Bao

Mwalimu wa michezo, mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi anayeingizwa kwenye timu ya shule; ukimtafuta, anza na ndevu. Ukiona beki wa kidato cha pili ananyoa mara nyingi kuliko mkuu wa shule, usimtuhumu bado. Wapo vijana wanaoota ndevu mapema, na kumwonea mtoto wa watu ni dhambi. Wewe simama tu pembeni ya uwanja utege sikio. Akitokea mtoto mdogo mgongoni mwa mama yake, akanyoosha mikono na kulia "Baba!", na beki akageuka, fungua daftari uandike jina lake.

Kisha mwite umuulize maswali mepesi. Anakaa bweni gani? Nani anamfundisha hesabu? Kengele ya chakula cha mchana hugongwa saa ngapi? Hili la mwisho ndilo mtihani wenyewe, maana mwanafunzi anaweza kusahau kanuni za fizikia lakini saa ya ugali na maharage haisahau. Mamluki atamtazama kocha, na kocha atatazama juu ya miembe. Hapo agiza daftari la mahudhurio. Likiletwa na wino bado mbichi, lirudishe.

UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka shuleni hadi wilaya, mkoa na taifa, na huko juu kabisa wapo wanaokwenda kushindana na wenzao wa Afrika Mashariki kwenye mashindano ya shule za sekondari ya FEASSSA. Kila ngazi nafasi hupungua. Mamluki mmoja akipanda basi la mkoa, mwanafunzi mmoja amebaki nyumbani, na huenda huyo ni binti wa kijijini Sikonge ambaye hajawahi kuvaa viatu vya mbio na hatapata tena nafasi ya kuonekana. Hili linaniuma kuliko kombe lolote tulilowahi kulikosa.

Na mkoa wetu wa Tabora unahitaji mamluki wa nini? Karne ya 19, kabla reli haijafika mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe, eneo la mji huu wa Tabora, na pembe za ndovu begani hadi Bagamoyo, mzigo wa kilo thelathini na zaidi, majuma kwa majuma kwa miguu. Aliyetangulia mbele ya msafara aliijua njia na aliwajua watu wake. Leo katika mji huohuo ipo Tabora Wavulana aliyosoma Mwalimu Nyerere, ipo Tabora Wasichana, ipo Milambo, ipo Kazima. Mwaka 2022 mashindano ya taifa yenyewe yalikuja hapa. Shule zenye watoto mamia kwa mamia haziwezi kukosa wakimbiaji wanne.

Hao wanne ndio dawa. Wapange mbio za kupokezana vijiti, uwaanzishe mazoezi Januari, usingoje barua ya mashindano. Katika mbio za 4x100 eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30 tu, na ndani yake anayepokea anatakiwa aanze kukimbia bila kugeuka nyuma, mkono ameunyoosha, akiamini kijiti kitamfikia. Imani hiyo haipatikani kwa kuazimana. Wanne waliofanya mazoezi pamoja miezi minne huweza kuwashinda wanne wenye kasi kuwazidi waliokutana jana stendi. Kijiti kikianguka kwa mamluki, hata jina la kumwita mwenzake halijui.

Huna uwanja wa riadha? Chora mistari kwa majivu nyuma ya madarasa. Huna vijiti? Kata mpini wa ufagio vipande. Usichoweza kukata popote ni umri wa mtu.

Nawe mkuu wa shule, orodha ya timu itakapoletwa mezani kwako utie sahihi, isome jina moja moja. Jina usilolijua ulikate, na muhuri uufungie kabatini mpaka liandikwe jina la mwanafunzi wako halali.