Mashine ya Ramli Ije Mghange

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Elimu,
Jogoo House, Nairobi.

Salamu kutoka Mghange, huku juu milimani Taita, ambako ukungu hukawia kuondoka na mikopo ya wanafunzi hukawia kufika.

Tumesikia kompyuta siku hizi hutabiri mwanafunzi gani ataacha chuo kikuu. Hulishwa rekodi za waliotangulia, yaani alama, mahudhurio na madeni ya karo, kisha kila aliyebaki hupewa asilimia yake ya hatari. Tunaomba muinunue upesi. Uzoefu mnao: mwaka 2023 mlileta mfumo wa kupima umaskini wa familia, na mwaka uliofuata ukawa na bendi tano. Aliyetupwa bendi ya tano, ya wenye uwezo, nyumbani walilipa asilimia 40 ya karo. Watoto wa vibarua wakaamka matajiri. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba, nanyi mkakata rufaa. Tunawavulia kofia kwa moyo huo.

Wachongezi watawaambia habari za Wisconsin, Marekani. Huko mashine ya namna hii ilichunguzwa mwaka 2023, ikaonekana kwamba iliposema mtoto hatamaliza sekondari kwa wakati, ilikosea karibu mara tatu kati ya nne. Mpiga ramli wa hivyo, hapa kwetu angelipwa kuku mmoja, tena mwenye mdondo. Na hata huyo, akishaona balaa, hutaja dawa. Mashine yenu itataja asilimia, halafu?

Ndiyo maana tuna ombi dogo. Kwenye takwimu mtakazoilisha, ongezeni safu moja: tarehe ambayo pesa za serikali zilimfikia mwanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwakatazi kujichunguza wenyewe. Tunashuku safu hiyo itazipiku alama na mahudhurio, maana mtu hawezi kuhudhuria darasa la Voi akiwa Wundanyi anapakia kabichi kwenye lori ili apate kodi ya chumba.

Mashine ikimtaja mhusika, msiseme imeharibika.

Jibu lenu tunalisubiri. Likichelewa, tutaijaza tarehe yake kwenye safu hiyohiyo.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Mghange