Kongoti Anataka Nywele Kabla ya Uchaguzi

Asubuhi, ufukweni Mwanza, jirani na gati la Kamanga. Kongoti, mgombea uenyekiti wa umoja wa ndege wanaookota mabaki katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, anatua juu ya Jiwe la Bismarck. Nyuma yake yupo Kunguru, dalali. Wana miadi na Daktari Mdiria, ndege mpasuaji, ambaye kliniki yake ni tawi kavu lililonasa kwenye ufa wa jiwe.

KONGOTI: Shikamoo, Babu.

JIWE: Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mapema hivi? Mwaloni leo hawajashusha samaki?

KUNGURU: Hatukufuata samaki, Mzee. Mheshimiwa mtarajiwa anakwenda kupandikizwa nywele. Uchaguzi ni miezi mitatu ijayo na mabango yameshachapwa.

JIWE: Yakiwa na nywele?

KUNGURU: Yakiwa na nywele. Kijana wa steshenari kamwongezea kwenye kompyuta. Sasa imebaki kichwa kilifuate bango.

JIWE: Mimi nimebandikwa jina la Bismarck, kansela wa Wajerumani. Naye alikuwa na upara. Wachora vibonzo wa Berlin walimchora miaka nenda miaka rudi na nywele tatu zimesimama utosini. Akaiunganisha Ujerumani nzima na hizo hizo tatu.

KONGOTI: Hizo tatu alipandikizwa wapi, Babu?

KUNGURU: Ulaya, bosi! Nilikwambia mimi.

(Mdiria anatua tawini, anameza dagaa, anafuta mdomo.)

MDIRIA: Poleni kwa kungoja. Mgonjwa ni nani?

KUNGURU: Hapa hakuna mgonjwa, Daktari. Kuna mteja.

KONGOTI: Ni mimi. Nina swali moja tu, tusichoshane. Furukombe wa kisiwa cha Saanane anasema anikate ukanda kisogoni. Kunguru anasema Istanbul wanachomoa mzizi mmoja mmoja, na kuna huduma ya juu zaidi, wanapanda kwa kalamu. Njia ipi bora?

MDIRIA: Inamisha kichwa kwanza.

KONGOTI: Nimeuliza njia, Daktari.

MDIRIA: Nami nimeuliza kichwa. Njia haipandwi hewani. (Anakagua.) Panja zimekwisha, utosi umekwisha, kisogoni kumebaki. Lakini hivi vipele vigumu vya kisogoni vina muda gani?

KONGOTI: Miaka. Kinyozi anasema ni joto.

MDIRIA: Anakunyoa mara ngapi?

KONGOTI: Kila Jumamosi. Mashine inagusa ngozi mpaka nang'aa.

MDIRIA: Basi joto halihusiki. Nywele zetu za kipilipili zimejipinda. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha inarudi na kuichoma ngozi. Ngozi inavimba, inapona vibaya, inaacha kovu gumu, na nywele hapo hazioti tena. Sasa sikiliza: nywele za kupandikiza hutolewa kisogoni hapo hapo. Kila Jumamosi unamlipa kinyozi akuharibie akiba.

KUNGURU: Vipele vya kawaida hivyo. Kila mwanaume Mwanza anavyo.

MDIRIA: Kuenea kwake hakujavifanya viwe afya. Na hilo kovu la bawani?

KONGOTI: Ndoano ya mvuvi. Jeraha lilikuwa dogo, kovu likaendelea kukua lenyewe.

MDIRIA: Keloidi. Umemwonyesha Furukombe?

KONGOTI: Hakuuliza. Aliniuliza kama nina pesa.

MDIRIA: Njia yake yenyewe si uongo. Anakata ukanda wa ngozi, upana sentimita moja hivi, anashona. Wasaidizi wanaugawa ukanda chini ya darubini mpaka yabaki mafungu madogo, kila fungu nywele moja hadi nne. Mizizi mingi hutoka salama, maana anayeigawa anaiona. Gharama yake ni kovu linalopita kisogoni, upande hadi upande. Anayefuga nywele huliziba. Wewe je?

KONGOTI: Nimekwambia, nanyoa Jumamosi.

MDIRIA: Basi kila Jumamosi kovu litatoka kusalimia wapiga kura. Na kwa ngozi ya keloidi, linaweza kutoka likiwa nene kama kamba.

KUNGURU: Ndiyo maana nasema Istanbul! Kule hakuna kovu kabisa.

MDIRIA: Kuna makovu elfu mbili badala ya moja. Ni madogo, ya duara, kila moja kama milimita moja. Kwenye ngozi nyeusi yanaweza kubaki vidoa vyeupe. Halafu kuna jambo ambalo tangazo halisemi. Mzizi wa nywele ya kipilipili haushuki wima, unajikunja chini ya ngozi. Juu nywele inaelekea huku, chini mzizi umekwenda kule. Kisu cha duara kikishuka wima kinaukata katikati, na mzizi uliokatwa katikati huenda usiote tena. Aliyezoea nywele za kunyooka anaweza kuharibu mamia kabla hajashtuka.

KONGOTI: Kumbe nywele zetu ni mkosi.

MDIRIA: Hapana. Zina faida yake. Mkunjo huo huo unafunika ngozi vizuri, na rangi ya nywele haipishani sana na rangi ya kichwa. Nywele chache zinaonekana nyingi. Ila zinataka mkono unaozijua.

KONGOTI: Na kalamu?

MDIRIA: Kalamu ni chombo cha kupandia tu, inatoboa na kuingiza kwa mkupuo mmoja. Kuchomoa kunabaki kule kule. Ukilipia kalamu umelipia chombo, mwenye mkono bado hujamjua.

KUNGURU: Daktari ana wivu wa biashara. Sikiliza pakeji, bosi. Unapanda Turkish Airlines Kilimanjaro, unapokelewa uwanjani kwa gari jeusi, hoteli ya nyota tano, mkalimani, mizizi elfu tano kwa siku moja, na dhamana ya maisha.

MDIRIA: Nani anachomoa?

KUNGURU: Kliniki.

MDIRIA: Kliniki haina mikono. Nani?

KUNGURU: Wana timu.

MDIRIA: Chama cha kimataifa cha madaktari wa kazi hii, ISHRS, kinaendesha kampeni dhidi ya timu za namna hiyo. Daktari anaingia, anakusalimia, anachora mstari pajini, anatoka. Sindano ya ganzi, kutoboa na kuchomoa vinafanywa na watu wasio madaktari. Istanbul wapo mahiri kweli kweli, lakini mahiri hukutajia jina lake kabla hajakutajia hoteli. Na hiyo elfu tano umeipimaje?

KUNGURU: Kwa ofa. Elfu nne ni bei hiyo hiyo.

MDIRIA: Kisogo hakijui ofa. Kwa maisha yote, wengi wana mafungu elfu nne mpaka elfu sita ya kutoa, na mwenye nywele za kipilipili mara nyingi ana pungufu. Huyu nusu ya kisogo ina makovu. Mkichota yote leo, na upara ukaendelea kurudi nyuma, atabaki na kichaka mbele na uwanja mtupu katikati, bila pa kuchota tena.

KONGOTI: Si nitaazima kwa Kunguru? Yeye anazo mpaka shingoni.

MDIRIA: Mwili wako utazikataa. Labda angekuwa pacha wako wa kufanana.

KUNGURU: (akirudi hatua mbili) Hatufanani hata kidogo. Sayansi iheshimiwe.

JIWE: Daktari, nieleweshe mimi mzee. Kumbe nywele haziongezeki?

MDIRIA: Haiongezeki hata moja, Mzee. Zinahamishwa tu. Mjapani Shoji Okuda alilieleza jambo hili mwaka 1939, akitibu walioungua vichwani. Vita ikaja, dunia haikumsikia. Mwaka 1952 Norman Orentreich alianza kuwapandikiza wenye upara kule New York, akaonyesha siri yake: nywele ya kisogoni ukiihamishia utosini inabaki na tabia ya kisogoni. Haipukutiki kama ilizozikuta zinavyopukutika.

JIWE: Hilo nimelishuhudia hapa hapa. Miaka ya 1950 walimtoa sangara Ziwa Albert wakamleta humu, eti kuongeza samaki. Sangara akaja na tabia yake, akawamaliza furu wa aina kwa mamia. Leo minofu inakwenda Ulaya, mabondo yanakwenda China, na sisi Mwaloni tunagombea mapanki.

KONGOTI: Babu, mapanki tusiyaguse. Ndiyo ilani yangu.

JIWE: Siyagusi. Nasema furu hakuulizwa. Wewe kisogo chako umekiuliza?

KUNGURU: Mnamtisha bure. Kutisha hata mimi najua. Mwaka 2017 huko Milange, Msumbiji, watu wenye upara waliuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Polisi wenyewe walitoa tahadhari. Na sisi Geita ipo hapo ng'ambo tu. Bosi, nywele ni usalama!

MDIRIA: Wale walikuwa wauaji, na waliowatuma walikuwa waongo. Unamtumia marehemu kuuza tiketi ya ndege? Kama kuna aliyegundua dhahabu kwenye upara, ni wewe. Unaichimba mwenye kichwa akiwa hai, na anakushukuru.

(Kimya. Kivuko kinapiga honi.)

KONGOTI: Tuseme nafanya wiki hii. Siku ya kura nitakuwaje?

MDIRIA: Siku za mwanzo uso unaweza kuvimba mpaka machoni, kichwa kimejaa magaga. Kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele zilizopandwa nyingi zinapukutika.

KONGOTI: Zinapukutika?

MDIRIA: Mzizi unabaki ndani umelala. Unaanza kuchipua mwezi wa tatu au wa nne, nywele nyembamba, moja huku moja kule. Matokeo yenyewe ni mwaka mzima, utosini hata zaidi.

KONGOTI: Kwa hiyo siku ya kura...

MDIRIA: Utakuwa na upara mkubwa kuliko leo, na deni.

KUNGURU: Tutaahirisha uchaguzi. Hilo ni dogo.

JIWE: Mjukuu wangu, wapiga kura wako ni akina nani?

KONGOTI: Makongoti wote wa Mwaloni.

JIWE: Yupi kati yao ana nywele?

KONGOTI: Hakuna. Kazi yetu ni kuingiza kichwa kwenye matumbo ya samaki na mizoga. Kichwa chenye manyoya kingeganda damu na kunuka, ndiyo maana tumeumbwa hivi.

JIWE: Sasa nywele za nini?

KUNGURU: Ndiyo siasa yenyewe, Mzee! Nani anampigia kura anayefanana naye? Wakimwona anang'aa nywele kama yangeyange watasema huyu haokoti mapanki, huyu ni kiongozi.

JIWE: Na akishashinda ataokota nini?

KUNGURU: Akishashinda ataletewa.

KONGOTI: Daktari, wewe ungekuwa mimi ungechagua njia ipi?

MDIRIA: Kwanza niulize mimi mwenyewe yale niliyomuuliza Kunguru.

KONGOTI: Umesajiliwa?

MDIRIA: Baraza la Madaktari Tanganyika. Nenda kahakikishe, usiliamini tawi hili.

KONGOTI: Umepandikiza vichwa vingapi vya kipilipili?

MDIRIA: Vichache. Ndiyo maana sikuuzii elfu tano. Ushauri wangu ni huu. Ukanda sahau, bawa lako limeshajibu. Acha kunyoa mpaka kwenye ngozi. Mwone daktari wa ngozi akutibu hivyo vipele. KCMC Moshi ina kituo cha kanda cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliosomea huko wametapakaa Afrika Mashariki. Zungumza naye pia habari za dawa. Ipo ya kupaka, minoksidili, ambayo ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakashangaa wanaota nywele. Ukiiacha, ulichopata kinaondoka. Ipo ya kumeza, finasteride, inapunguza homoni inayonyausha mizizi. Wachache huwapunguzia hamu ya tendo la ndoa, kwa hiyo mke wako ajue.

KONGOTI: Na upasuaji?

MDIRIA: Vipele vikitulia, tunafanya jaribio. Nachomoa mizizi michache tu, makumi, naipanda mahali padogo, halafu tunangoja miezi kadhaa. Tutaona mingapi ilikatika, mingapi imeota, na kama ngozi inatutumka. Jaribio likikataa, utakuwa umepoteza makumi, kisogo bado unacho. Likikubali, ndipo tuzungumze idadi.

KUNGURU: Kamisheni ya makumi ni shilingi ngapi?

MDIRIA: Hakuna.

KUNGURU: Basi hiyo si tiba.

KONGOTI: (baada ya kufikiri) Nachukua jaribio. Baada ya uchaguzi. Na Jumamosi hii kinyozi asinisubiri.

KUNGURU: Bosi, amana niliyokwishalipa Istanbul?

KONGOTI: Uliilipa kwa pesa yangu, mdogo wangu. Utairudisha kwa mapanki, kilo kwa kilo.

(Kunguru anajikung'uta, anatazama upande wa Saanane.)

JIWE: Unakwenda wapi tena?

KUNGURU: Kwa Pimbi wa kisiwani. Kuna dili.

JIWE: Pimbi ana manyoya mwili mzima!

KUNGURU: Ndiyo dili lenyewe. Istanbul wana mashine ya leza ya kuyaondoa.

MDIRIA: Na anayeishika hiyo leza ni nani?

KUNGURU: (akiruka) Wana timu!